Wheels Up: kampuni ya ndege iliyokaribia kufa kwa wingi wa wateja

Katikati ya Agosti 2023, kampuni iliyoingiza zaidi ya dola bilioni moja na nusu mwaka uliotangulia ilikuwa inatembeza bakuli. Wheels Up, kampuni ya Marekani ya ndege binafsi za kukodi, ilikuwa imechelewesha taarifa yake ya fedha ya robo mwaka. Ilikuwa imewaandikia wenye hisa kwamba kuna shaka kubwa kama itaweza kuendelea na biashara. Na ilikuwa imepokea kutoka shirika la ndege la Delta mkopo wa dharura wa dola milioni 15. Kwa kampuni ya ukubwa ule, milioni 15 ni pesa ya kuvukia wiki.

Ingekuwa Aprili 2020, hakuna ambaye angeshangaa. Viwanja vilikuwa vimefungwa, ndege zimeegeshwa jangwani, na kila mwenye ndege analia. Lakini hii ilikuwa 2023, na biashara ya ndege binafsi ilikuwa inatoka kwenye miaka miwili minono kuliko yote iliyowahi kuiona. Wateja walikuwa wamefurika. Wheels Up wenyewe walikuwa na wanachama zaidi ya 12,000. Kuna biashara hufa kwa kukosa wateja. Hii ilikaribia kufa kwa sababu iliwapata wote iliowataka, tena kwa bei iliyokwisha kuahidi.

Tuanze na lile furiko. Kampuni ya WINGX, inayofuatilia safari za ndege binafsi duniani, ilihesabu takriban safari milioni 3.3 za jeti za aina hiyo mwaka 2021. Hakuna mwaka kabla yake uliofikisha idadi hiyo, hata 2019, mwaka wa mwisho kabla ya Uviko. Mwaka 2022 ukapanda juu ya hapo. Sababu ya kwanza inajulikana: mwenye uwezo hakutaka kupanga foleni na watu mia mbili wanaokohoa, na mashirika makubwa yalikuwa yamefuta njia nyingi za miji midogo. Ya pili haitajwi sana, nayo ni kodi. Sheria ya uokoaji uchumi ya Machi 2020 nchini Marekani iliondoa hadi mwisho wa mwaka ule kodi ya asilimia 7.5 inayotozwa kwenye nauli za ndege, na ndege za kukodi zikanufaika pia. Juu ya hapo kulikuwa na sheria ya kodi ya 2017 iliyomruhusu mfanyabiashara anayenunua ndege kwa shughuli zake kukata gharama yote ya ununuzi kwenye hesabu zake za kodi mwaka uleule. Ruhusa hiyo ya asilimia 100 ilidumu hadi mwisho wa 2022.

Sasa tazama upande wa pili, viwandani. Mwaka 2019 viwanda vya dunia vilikabidhi jeti binafsi mpya 809. Mwaka 2020 zikashuka hadi 644. Mwaka 2021, wakati wateja wanagombania viti, zilikuwa 710, na mwaka uliofuata 712. Safari zilivuka kiwango cha 2019, ndege mpya hazikukifikia. Ndege si chapati, huwezi kuongeza unga ukapata nyingine jioni. Aliyeagiza jeti 2021 aliambiwa asubiri mwaka mmoja, miwili, au zaidi. Kwa hiyo aliyekuwa na ndege tayari alikuwa mfalme, na aliyekuwa ameahidi safari bila kuwa na ndege za kutosha alikuwa na deni hata kama hakulijua.

Aliyeanzisha Wheels Up anaitwa Kenny Dichter, na hakuwa mgeni kwenye biashara hii. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Marquis Jet, kampuni iliyouza kadi ya saa 25 za kuruka. Ndege hazikuwa zake. Zilikuwa za NetJets, kampuni ya Warren Buffett iliyonunuliwa na Berkshire Hathaway mwaka 1998. Dichter aliuza saa, NetJets ikarusha. Mwaka 2010 NetJets wakainunua Marquis Jet, na Dichter akatoka na somo moja kichwani: kwamba kuna matajiri wengi wa ngazi ya pili, si wa kumiliki ndege, si hata wa kumiliki robo ya ndege, ila wa kulipa saa chache kwa mwaka, na kwamba hao hawajafikiwa.

Mwaka 2013 akaanzisha Wheels Up, na akaanza na ndege ambayo wauzaji wa anasa wasingeichagua: Beechcraft King Air 350i. Ni ndege ya pangaboi, yaani inayosukumwa na propela. Watanzania wanakumbuka neno hilo lilivyotumika kwa dharau mwaka 2016 Bombardier Q400 za ATCL zilipotua Dar es Salaam, lakini mhandisi yeyote atakwambia kwamba kwa safari fupi pangaboi ni akili. Mafuta kidogo, uwanja mfupi unatosha. King Air si ngeni Afrika Mashariki. Ukikaa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, utaiona ikitua na wagonjwa. Injini zake, PT6, ni za ukoo uleule unaosukuma Cessna Caravan zinazoshusha watalii Seronera. Dichter aliagiza 105 kwa mpigo, 35 za uhakika na 70 za hiari, mkataba wa takriban dola bilioni 1.4 pamoja na matengenezo. Beechcraft, iliyokuwa imetoka kwenye ufilisi miezi michache tu kabla, haikuwa na sababu ya kukataa.

Halafu akauza uanachama. Ukilipa ada ya kujiunga na ada ya kila mwaka, unapiga simu au unagusa programu kwenye simu yako, na ndege inakuja. Tom Brady na Serena Williams walikuwa mabalozi. Kulikuwa na karamu kwenye mashindano makubwa ya gofu na fainali za mpira wa Kimarekani. King Air moja ilipakwa rangi ya waridi kwa kampeni ya saratani ya matiti. Kwa kuuza jina, Dichter alikuwa fundi, sitambania hilo.

Kiini cha mauzo hakikuwa rangi ya ndege wala Serena. Kilikuwa ahadi yenye vipande viwili: bei ya saa imewekewa kikomo, na ndege itapatikana ukiitaka, mradi utoe taarifa mapema kama ilivyoandikwa. Na kulikuwa na kipande cha tatu ambacho mteja alikipenda bila kukifikiria: unalipia saa ambazo wewe umo ndani tu.

Hapa inabidi tusimame, kwa sababu kisa chote kimelala hapa.

Yeyote aliyewahi kuendesha daladala anaijua shida ya kurudi tupu. Asubuhi gari linajaa kutoka Mbagala kwenda Posta mpaka kondakta ananing'inia mlangoni, kisha linarudi Mbagala na abiria watatu. Hesabu ya tajiri haiulizi gari limerudi na wangapi. Ndege binafsi ni daladala ya namna hiyo, mbaya zaidi. Mteja wa New York anataka kwenda Florida Ijumaa jioni. Nani anatoka Florida kwenda New York Ijumaa jioni ileile, kwa ndege ya ukubwa uleule? Mara nyingi hakuna. Ndege inarudi tupu, inakunywa mafuta, inachosha injini, inamaliza saa za rubani ambazo sheria imezipimia. Karani wa safari za kitalii kule Arusha anajua: ndege ikishusha wageni Serengeti, ile safari ya kurudi nayo ina bei, na mtu lazima ailipe. Waendeshaji wengi wa kukodi huiweka kwenye ankara ya mteja. Wheels Up iliibeba yenyewe, ikitumaini kwamba wanachama wakiwa wengi, wa kwenda na wa kurudi watakutana njiani.

Tumaini hilo si la kipuuzi. NetJets imejengwa juu ya hesabu ileile: ndege zikiwa nyingi na wateja wametapakaa, mizunguko mitupu inapungua. Lakini NetJets ilikuwa na mamia ya ndege, nyingi za aina chache zilezile, na wateja waliokwisha kununua vipande vya ndege hizo kwa mamilioni ya dola. Mtaji wa ndege ulitoka mfukoni mwa mteja. Mwanachama wa Wheels Up alileta ada na amana.

Na ndege ya kampuni isipopatikana? Ahadi iko palepale. Wheels Up inalazimika kupiga simu kwa mwendeshaji mwingine, ikodi ndege yake kwa bei ya siku hiyo, na kumrusha mwanachama kwa bei ya mkataba. Tuseme, kwa mfano tu, mwanachama ameahidiwa saa moja kwa dola 7,000. Siku ya kawaida mwendeshaji wa nje anaikodisha kwa 6,000, kampuni inabaki na 1,000. Siku ya furiko anataka 10,000, kwa sababu na Jeti Fulani Limited nao wanampigia. Kampuni inapoteza 3,000 kwa kila saa, na kadiri mwanachama anavyofurahia huduma na kuruka zaidi, ndivyo shimo linavyochimbika. Kuongeza wateja hakutibu hasara ya namna hiyo. Kunaizidisha.

Mwaka 2021 ulikuwa wa siku za furiko mfululizo.

Agosti mwaka ule NetJets walifanya jambo ambalo kwenye biashara yoyote nyingine lingeonekana wazimu: waliacha kuuza kadi za saa. Flexjet, washindani wao, nao wakafunga mlango wa kadi. Foleni iko nje, pesa iko mkononi, nao wanasema hapana, kwa sababu kila kadi mpya ingeharibu huduma ya wale waliolipia zamani. Unaweza kusema NetJets waliweza kukataa kwa kuwa nyuma yao kuna Berkshire, isiyoendeshwa na presha ya soko ya kila miezi mitatu. Ni kweli, na ndiyo hoja yenyewe.

Wheels Up haikuwa na anasa hiyo. Mwezi mmoja kabla, tarehe 14 Julai 2021, ilikuwa imeingia soko la hisa la New York kwa alama ya UP. Haikupita njia ndefu ya kawaida. Iliungana na SPAC, yaani kampuni isiyo na biashara, iliyokusanya fedha sokoni kwanza kisha ikatafuta cha kununua. Hiyo iliitwa Aspirational Consumer Lifestyle Corp., na kiongozi wake alikuwa ametoka LVMH, jumba la mikoba na mvinyo. Kampuni ilithaminiwa dola bilioni 2.1. Wawekezaji walioingia kwa mlango huo walikuwa wameahidiwa ukuaji. Kuwaambia Agosti kwamba tunasitisha mauzo kungekuwa sawa na bwana harusi kuondoka kabla ya pilau.

Kwa hiyo ikauza. Haikukaa bure, ilipandisha bei na kuongeza tozo ya mafuta, lakini saa zilizokwisha kuuzwa kwa bei ya zamani zilibidi zirushwe kwanza. Mapato yakapaa kutoka dola milioni 695 mwaka 2020 hadi bilioni 1.19 mwaka 2021, kisha bilioni 1.58 mwaka 2022. Ukisoma mstari huo peke yake utasema kampuni bora ya muongo. Mstari wa chini yake: hasara ya milioni 85, kisha 197, kisha 555. Katika ile ya 2022 kuna milioni 180 za kushusha thamani ya vitabuni ya biashara ilizonunua, ambazo si pesa iliyotoka mfukoni mwaka ule. Ziondoe, bado hasara ni karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, na mapato yameongezeka kwa theluthi tu.

Marubani nao. Mwaka 2020 mashirika makubwa ya Marekani yaliwalipa marubani wengi wastaafu mapema, yakidhani abiria hawatarudi upesi. Wakarudi. Mashirika yakageukia kampuni ndogo na kuchota marubani wao kwa mishahara na ratiba ambazo kampuni za kukodi hazikuweza kuzifikia. Ndege bila rubani ni chuma kilichoegeshwa, na kila ndege iliyoegeshwa ilikuwa simu moja zaidi kwa mwendeshaji wa nje na zile dola 10,000 zake.

Kosa ambalo mimi nadhani lilikuwa baya zaidi halikuwa la bei, ingawa wengi huishia kwenye bei. Lilikuwa la manunuzi. Kati ya 2019 na 2022 Wheels Up ilinunua Travel Management Company iliyokuwa na jeti ndogo za Hawker 400XP, ikachukua Delta Private Jets huku Delta akipata zaidi ya robo ya hisa, ikanunua Gama Aviation Signature, ikanunua Mountain Aviation, ikanunua Alante Air, ikavuka bahari na kununua Air Partner ya Uingereza. Kwenye slaidi za wawekezaji hayo yote yalijumlishwa kuwa kundi moja kubwa la ndege. Kwenye uwanja wa ndege hayakuwa kundi moja.

Nchini Marekani anayerusha abiria wa kukodi lazima awe na cheti cha uendeshaji kutoka mamlaka ya anga, FAA. Cheti kina miongozo yake, mafunzo yake, orodha yake ya ndege na marubani. Rubani wa cheti hiki hawezi tu kuvuka eneo la kuegeshea ndege akapanda ndege ya cheti kile kwa sababu makao makuu yamenunua zote mbili. Kila kampuni iliyonunuliwa ilikuja na cheti chake, na kuviunganisha ni kazi ya miaka, mbele ya wakaguzi wasio na haraka. Juu ya hapo aina za ndege: King Air, Hawker, Citation za namna mbalimbali ikiwemo Citation X, yenye kasi kuliko karibu kila jeti ya abiria na yenye kiu inayolingana na kasi hiyo. Kila aina inataka rubani aliyefuzu aina hiyo, fundi wake, vipuri vyake. Rubani wa Hawker yupo Denver hana kazi, King Air imekwama Boston haina rubani, na mwanachama anasubiri Atlanta. Vitabuni una ndege za kutosha. Kiuhalisia unapiga simu nje.

Ni kama mtu aliyenunua mabasi matano kwa wamiliki watano, Scania, Yutong, Isuzu, kila moja na leseni ya njia yake, kisha akaandika ubavuni jina moja na kutangaza kwamba sasa ana kampuni ya kwenda popote. Jina limeungana. Spea hazijaungana.

Kwa nini basi haikuanguka 2022? Kwa sababu ya amana.

Wanachama wakubwa walikuwa wanalipa kwanza, wakiweka fedha nyingi kwa mkupuo ili wafunge bei na kupata upendeleo, kisha wakazitumia kidogo kidogo. Mwisho wa 2022 kampuni ilikuwa na zaidi ya dola bilioni 1 za huduma ilizolipwa na haijazitoa. Fedha taslimu benki zilikuwa chini ya milioni 600. Soma tena namba hizo mbili, maana zimetosha. Sehemu ya pesa ya safari za kesho ilikuwa imekwisha kulipia mafuta ya jana. Haukuwa upatu. Ndege zilikuwepo, safari zilifanyika, na matumizi ya fedha hizo yalikuwa ndani ya mikataba na yameandikwa kwenye taarifa za wazi. Lakini fedha za kulipwa kabla zina ulevi wake. Zinaingia kama mapato ya mtu anayefanya vizuri, na hasa mwisho wa mwaka, wateja wanapokimbilia kununua kabla bei haijapanda, akaunti inavimba. Mkurugenzi anaiona akaunti. Deni haliitazami akaunti, linaitazama ndege.

Na amana zina tabia nyingine: zinasikia. Ukweli ukianza kunong'onwa, mwanachama hajazi tena salio lake, tena anaharakisha kuruka zile saa zilizobaki. Pesa mpya inakauka wakati uleule ambao gharama ya kutimiza ahadi za zamani inaongezeka. Benki zinaijua hali hii vizuri sana.

Mwaka 2023 ukaenda haraka. Bei za furiko zilianza kushuka, safari zikapungua kidogo kutoka kilele ingawa zilibaki juu ya 2019, na riba ikawa imepanda kwa kila mwenye deni. Wheels Up ilikuwa tayari imekopa milioni 270 Oktoba 2022 kwa kuweka ndege rehani. Soko la SPAC lilikuwa limekufa. Flexjet, iliyotaka kuingia sokoni kwa njia hiyohiyo, iliachana na mpango wake Aprili 2023. Mei, Dichter aliachia ukurugenzi mkuu. Juni, hisa ikiwa imeanguka chini ya dola moja kutoka kumi za mwanzo, kampuni iliunganisha kila hisa kumi kuwa moja ili isifukuzwe sokoni. Agosti tumekwisha kuiona.

Tarehe 15 Agosti Delta ilitangaza, pamoja na kampuni za uwekezaji za Certares na Knighthead, mpango wa fedha unaofikia dola milioni 500. Ulikamilika Septemba, na Cox Enterprises ikaongezeka kati ya wakopeshaji. Bei yake ilikuwa hii: wakopeshaji walipewa haki ya karibu asilimia 95 ya kampuni. Waliokuwa na hisa kabla ya hapo, wakiwemo walioingia kwa shangwe Julai 2021, walibaki na kipande cha kufungia karanga.

Kwa nini Delta hakuiacha izame? Wapo waliosema ni kulinda hisa zake za zamani. Sidhani, zile zilikuwa zimekwisha yeyuka. Nadhani alikuwa anawatazama wateja. Mwanachama wa Wheels Up ni yuleyule anayekaa daraja la mbele la Delta kwenda London au Tokyo, ambaye kampuni yake ina mkataba wa usafiri na Delta. Tangu 2020 fedha za amana ziliweza kutumika hata kununulia tiketi za Delta. Kumwacha mtu huyo apoteze amana yake ndani ya kampuni ambayo Delta ni mbia wake, halafu Jumatatu umwombe asaini mkataba mpya wa safari za kimataifa, ni jambo gumu. Na aliyeteuliwa Septemba 2023 kushika usukani, George Mattson, alitoka kwenye bodi ya Delta yenyewe.

Marekebisho yenyewe, ambayo mengine yalianza kabla Mattson hajashika kazi, yanachosha kuyasimulia, na huenda ndiyo sababu hayakufanywa mapema. Biashara ya kusimamia ndege za watu wengine iliuzwa. Ahadi ya bei na upatikanaji ilibanwa ikabaki kwenye maeneo ambako ndege za kampuni ziko nyingi, badala ya nchi nzima. Vyeti vikaendelea kuunganishwa. Oktoba 2024 kampuni ikatangaza kwamba jeti zake za aina nne zitaachia nafasi aina mbili tu: Embraer Phenom 300 kwa safari fupi, na Bombardier Challenger za familia ya 300 kwa ndefu. Kwa kuanzia ilinunua Phenom 17 za GrandView Aviation kwa dola milioni 105. Hawker zile za Travel Management na Citation X zenye kiu zikawekwa kwenye orodha ya kuondoka.

Kila kitu hapo ni kupunguza. Aina chache, eneo dogo, ahadi fupi. Mapato ya 2023 yalishuka hadi bilioni 1.25, na ya 2024 hadi milioni 792, nusu ya kilele. Hasara ya 2024 ilikuwa karibu milioni 340, bado kubwa mno, lakini ndogo kuliko 487 ya mwaka uliotangulia na 555 ya mwaka ule wa shangwe.

Na sekta yenyewe haikuanguka. Hili ndilo linalowapoteza wanaosoma kisa hiki kama ushahidi kwamba ukuaji wa ndege binafsi ulikuwa povu la Uviko. Jeti mpya zilizokabidhiwa zilifika 730 mwaka 2023 na 764 mwaka 2024. NetJets, wale wale waliofunga mlango 2021, mwezi Mei 2023 walisaini na Embraer makubaliano ya hadi ndege 250 za aina ya Praetor 500, na Septemba, mwezi uleule Wheels Up inakabidhiwa kwa wakopeshaji wake, wakasaini na Textron, watengenezaji wa Citation, haki ya kununua hadi Citation 1,500 ndani ya miaka 15. Februari 2025 Flexjet wakaagiza kwa Embraer ndege 182 za uhakika. Julai 2025 Marekani ikarudisha ruhusa ya kukata asilimia 100 ya gharama ya ndege kwenye hesabu za kodi, na madalali wa ndege hawakuficha furaha yao.

Mteja aliyeionja ndege binafsi 2020 kwa kuogopa kikohozi hakurudi kwenye foleni. Alibadilisha tu anayempigia simu.